Maji ya Samaki Yanayong'ata, Ipinda

Jumanne. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, jioni, haijaamua kukatika. Kyela yote inanuka tope na pumba za mpunga. Mimi nina hasira. Naandika kwenye kompyuta ya steshenari ya jirani, ile ambayo herufi M haitoki mpaka uibonyeze kwa nguvu, na leo kila M inapata inachostahili.

Shajara, nisikilize. Leo nimeingia kwenye nyumba ambayo umeme umekuwa ukimpiga mwanamke mmoja kila anapoosha tangi la samaki. Bado kidogo tu umuue. Na wenye nyumba wakaniita niwaponye samaki.

Samaki!

Kwa msomaji aliyeingia hapa kwa bahati mbaya: naitwa Zuhura, ni fundi umeme, na nina duka la vifaa vya umeme mjini Kyela, nililorithi kwa baba. Baba alikuja huku akitokea Kilwa na mzigo wa kanga, akaishia kuongea Kinyakyusa vizuri kuliko majirani zake. Mimi nimezaliwa hapa hapa. Nauza nyaya, soketi, balbu na ushauri. Ushauri hautoki hata nikiutoa bure.

Tangu biashara iachiwe huru, kila mwanaume wa wilaya hii aliyewahi kushika bisibisi amegeuka mfanyabiashara wa kimataifa. Huyu kakao, yule mchele. Mzee Ambakisye wa Ipinda yeye kaamua samaki wa mapambo. Si wa kula, ni wale wadogo wa rangi, bluu na njano, wanaokaa kwenye miamba ya ziwani upande wa Ikombe. Mwanawe Gwakisa anawafuata kwa mtumbwi, anawaleta kwenye ndoo zilizofunikwa kitambaa, wanamwagwa kwenye tangi kubwa la kioo sebuleni, wakimsubiri tajiri wa Dar anayewapeleka Ulaya wakakae kwenye sebule nyingine. Kwa hilo sina ugomvi. Mtu anayetaka kununua samaki asiyeliwa, na anunue.

Ugomvi wangu ni lile kopo.

Mzee alikuwa mtunza stoo kwenye kinu cha mpunga cha serikali kabla hakijauzwa. Stoo, sikusema karakana. Lakini siku walipopunguzwa kazi, wenzake waliondoka na mabati na viti, yeye akaondoka na cheo cha Injinia, ambacho hakuna anayekumbuka alipewa na nani. Basi Injinia akaona ni aibu mtu kuwasha na kuzima taa ya samaki kwa mkono. Akatengeneza mtambo wa kufanya kila kitu wenyewe: taa, pampu ya hewa, joto la maji. Anauita kontrola. Ni kopo la bati la biskuti, lile kubwa la mraba linalonunuliwa wakati wa sikukuu, limefungwa kwa skrubu kwenye fremu ya chuma iliyobeba tangi. Ndani kuna saa ya kengele iliyotolewa uso, thermostati ya friji iliyokufa, na rilei za lori, vile viswichi vinavyowashwa na umeme mdogo.

Rilei za lori, Shajara. Kifaa kilichozoea umeme wa betri, kikiwasha honi na taa za breki, yeye kakipitishia umeme wa nyumba.

Na hita! Hapa Kyela, ambapo mtu anatoka kuoga tayari ana jasho, Mzee kaweka hita kwenye tangi. Kasoma kwenye kitabu cha Wazungu kwamba samaki hawa hupenda maji ya uvuguvugu. Kitabu kiliandikiwa watu wanaoishi na barafu mlangoni. Samaki wenyewe wametoka ziwani hapo jirani na hakuna aliyewahi kuwasikia wakilalamikia baridi. Na hita yenyewe ni ile koili ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo, imening'inizwa tangini kwa uzi wa kushonea magunia.

Jana Gwakisa alipita dukani na ujumbe wa baba yake. Samaki wanakufa, tajiri anakuja wiki ijayo, fundi aje aangalie kontrola, ingawa haina tatizo. Nimemnukuu. Ingawa haina tatizo.

Nimefika Ipinda asubuhi, sketi imelowa mpaka magotini. Mzee alinipokea sebuleni amevaa mabuti ya mpira, yale meusi ya kuingilia shambani wakati wa masika. Nilidhani naye ametoka kwenye mvua.

"Mugonile, Mzee," nikamwamkia.

"Ugonile, mwanangu. Karibu. Hapa huna kazi kubwa. Mtambo ni mzima. Tatizo ni sabuni."

"Sabuni gani?"

"Mkamwana anaosha vioo kwa sabuni ya unga. Inawaua samaki wangu. Nimeshamwambia Gwakisa, akifa mwingine hata mmoja, mke wake arudi kwao Makwale akapumzike."

Gwakisa alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, anaangalia vidole vyake. Katika maisha yangu nimeona nguzo za umeme zenye maoni mengi kuliko Gwakisa.

Mkamwana ni Tusekile, mke wa huyo huyo Gwakisa. Lazima nieleze jambo hapa, maana bila hilo hutaelewa. Nyumba ile imeshika mila ya Kinyakyusa barabara: mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja. Watu wengi siku hizi wamelegeza, Mzee hajalegeza. Akikohoa mlangoni, Tusekile anatoka kwa mlango wa uani. Yeye akitoka, Tusekile anaingia, anaosha kioo, anadeki sakafu, anaondoka. Neno lolote kati yao linapita kwa Gwakisa. Mama mkwe angekuwepo angelipitisha yeye, lakini alishafariki. Mila yenyewe siidharau, nina shangazi aliyeolewa humo na alizeeka nayo kwa heshima zake. Ninachodharau kinakuja.

Sikugusa kitu. Hilo ndilo somo la kwanza kwa kila mwenye tangi na waya, na ndilo watu wa Kyela hawataki kulisikia: usiguse kwanza, pima kwanza. Nilikuwa na viatu vya soli nene, nikafuta mikono mpaka ikakauka, mkono mmoja nikauweka nyuma, wa pili nikashika testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka pakiwa na umeme. Nikaigusisha fremu ya chuma. Ikawaka. Nikaigusisha kopo. Ikawaka. Nikatumbukiza ncha yake kwenye maji.

Ikawaka kwenye maji.

"Hizo testa za Kichina," Mzee akasema, "zinawaka zenyewe tu."

Testa nimemuuzia yeye moja kama hiyo hiyo, na siku ile aliisifia. Nikachukua balbu kwenye holda yake na nyaya mbili ndefu. Mmoja niliupitisha dirishani, nikaufunga kwenye msumari mrefu niliotoka kuupigilia nje kwenye udongo uliolowa. Wa pili nikaushika kwenye gamba lake, ncha nikaichovya tangini. Balbu ikawaka, si kwa kujikongoja, ikatoa mwanga mwekundu wa kutosha kumwona Gwakisa alivyofumbua mdomo.

"Mbona samaki hawapigwi shoti?" Mzee akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

"Umeme unatafuta ardhi. Samaki hasimami sakafuni, Mzee."

Nilitoka uani kwenda kuchomoa msumari wangu, na huko ndiko nilikomkuta Tusekile. Alikuwa chini ya upenu, anapepeta mchele. Akapiga magoti kunisalimia ingawa hatuachani sana umri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, akiangalia dirisha la sebule:

"Dada, na wewe yamekung'ata?"

"Nini?"

"Maji yale. Mimi yananing'ata. Mkono unakufa ganzi mpaka begani. Juzi yameniangusha, nikakaa chini pale pale nisijue niko wapi."

Nikamwuliza kama amemwambia mumewe. Amemwambia, tena si mara moja. Gwakisa alimjibu kwamba anaogopa samaki kwa kuwa amekulia kwenye mpunga. Nikamwuliza anavaa nini miguuni akiosha. Akashangaa swali. Havai kitu. Mle ni chumba cha baba mkwe, atawezaje kuingia na ndala? Anaziacha mlangoni kwa adabu. Kwa hiyo picha ni hii, Shajara: sakafu ya saruji iliyolowa maji ya kudeki, mwanamke peku, mkono mmoja ndani ya tangi, mwingine umeshika fremu ya chuma asianguke. Mtu angekaa chini kubuni namna ya kumuua Tusekile asingefanya vizuri zaidi.

Nilirudi ndani nikiwa nimebadilika. Nikazima meni swichi, nikachomoa plagi, nikapima tena kuhakikisha kumekufa kweli, ndipo nikafungua kopo.

Siwezi kueleza yote, nitatapika kwenye kompyuta ya watu. Waya wa moto umepitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari, bati limeachwa na meno, limetafuna gamba la waya mpaka shaba inaonekana. Ndiyo maana kopo lina umeme, na fremu ina umeme. Rilei inakata nyutro, waya wa kurudishia umeme, badala ya ule wa moto, kwa hiyo hata hita "ikizimwa" koili bado ina moto, na koili yenyewe imepasuka, inavujisha. Vichwa vya rilei vimeungua vikayeyuka, mara kwa mara vinashikana, na vikishikana hita haizimi tena. Nilitumbukiza kidole kwenye maji: yalikuwa ya kumkanda mzazi. Waliobaki hai wameokolewa na umeme wa Ipinda unavyokatikakatika. Sabuni haijaua samaki hata mmoja. Wamechemshwa.

Na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa. Haukukatika, umekatwa kwa koleo na ncha yake ikakunjwa vizuri, kazi safi kuliko zote mle ndani.

"Huu kaukata nani?"

"Mimi," Mzee akasema. "Ulikuwa unanisumbua. Kila nikiwasha, fyuzi inaungua. Nikautoa, fyuzi zikatulia."

Nikafungua plagi. Fyuzi zilitulia kwa sababu hazipo. Mahali pa fyuzi pana kipande cha waya wa kufungia uzio.

Yaani ule waya ulikuwa unampigia kelele, Mzee, umeme wako unavuja, Mzee, umeme wako unavuja, na yeye akaukata ulimi. Nimeona kazi za kulipua nyingi. Nimeona watu wakichomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzikaza kwa njiti za kibiriti. Wale angalau ni wavivu. Huyu alifikiri, akakaa chini, akafanya kazi ya makini, akaondoa kimoja baada ya kingine kila kitu kilichokuwa kinamlinda mtu.

Nikamwuliza kwa upole, upole ule wa mtu aliyebakiza kidogo kupiga kelele: "Mzee, maji haya hayajawahi kukupiga wewe?"

Akatabasamu. Wallahi, alitabasamu.

"Zamani. Ndiyo nikanunua haya." Akainua mguu mmoja, akanionyesha soli ya buti. "Nikiwalisha samaki navaa haya. Usalama, fundi. Hayajanipiga tena."

Alikuwa anajua. Anajua tangu zamani kwamba maji yale yanapiga, akaona dawa yake, akainunua dukani, saizi yake, jozi moja.

"Na anayeosha?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Mzee aliona haya. Akashusha sauti, akaangalia pembeni. "Fundi, wewe unaishi na sisi, unajua. Miguu ya mkamwana mimi nitaisemaje?"

"Ungemwambia Gwakisa."

"Gwakisa angeniuliza nimeionaje miguu ya mke wake."

Nikamgeukia Gwakisa. Gwakisa akarudi kwenye vidole vyake.

Basi hiyo ndiyo heshima ya nyumba ile. Baba anaona haya kutaja miguu, mtoto anaona uvivu kupeleka neno, na mwanamke anaachwa peku kwenye maji yenye moto ili adabu ya kila mtu ibaki mahali pake. Na bado mdomo ule ule ulioshindwa kutaja miguu uliweza kumsingizia sabuni bila kuona haya yoyote, ukaweza kutaja Makwale pia. Mila haikuzuia hilo. Shangazi yangu aliniambia zamani kwamba ile desturi ni ya baba mkwe kumlinda mkamwana kwa kumkaa mbali. Sikuona ulinzi wowote leo. Nimeona mwanaume aliyejificha nyuma ya desturi ya babu zake.

Nilitaka kuyasema haya, na nilikuwa nimeshafungua mdomo, ndipo pazia la mlango wa uani likasogea.

Tusekile akaingia. Hakukohoa, hakugonga. Alikuwa na pumba kwenye mikono.

"Baba," akasema. Neno lile peke yake lilitosha kuangusha paa. "Baba, mimi sijawahi kutumia sabuni. Naosha kwa maji matupu na kitambaa. Maji yenu yananipiga. Juzi yameniangusha na mliusikia mshindo, maana mlikohoa. Mkakohoa mkangoja nitoke."

Mzee akavua kofia akajifunika uso. Ndivyo mila inavyotaka, na nyumba ya kukimbilia hakuwa nayo nyingine, kwa hiyo akatoka kwa mlango wa mbele, akaenda kusimama kwenye mvua katikati ya ua, ametugeuzia mgongo.

Gwakisa alisimama, hatimaye. "Tusekile! Umefanya nini?"

Tusekile alikuwa anamwangalia yule mzee mvuani, na machozi yanamtoka, na sikuona majuto kwenye uso ule. Niliona mtu aliyechoka.

Mimi nilifanya kazi niliyoitiwa. Nilikata plagi ya kontrola kwa koleo, nikafungua skrubu, nikalibeba kopo na koili yake nikavitia kwenye mfuko. Gwakisa akauliza tajiri atasemaje. Nikamwambia samaki wanataka hewa, hawataki injinia. Pampu ya hewa nimeifunga kwenye soketi mpya yenye ethi, nimeiweka juu ukutani mbali na maji, na waya wake nimeuacha ulegee uning'inie chini kwanza kabla haujapanda kwenye soketi, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia ndani. Nimepigilia chuma cha ethi nje, fremu nimeiunganisha nacho, fyuzi nimeweka ya kweli. Nikamwambia Tusekile mbele ya mumewe: kabla ya kutia mkono kwenye tangi, chomoa kila kitu, na vaa ndala, hata kama angekuwa mle chifu wa machifu.

"Ndaga fijo, dada," akanishukuru, akarudi kwenye mchele wake.

Nakiri kitu hapa, kwa kuwa shajara ni ya kukiri. Njiani kurudi nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa nafurahia kuwa sahihi, nalipakata lile kopo kwenye mapaja kama zawadi, natunga namna nitakavyolisimulia dukani watu wacheke. Nikaja hapa kuandika kichekesho.

Kisha simu ikalia. Ujumbe wa Gwakisa, mtu ambaye hajawahi kuwahisha neno maishani mwake, huu kauwahisha. Anasema Jumamosi ukoo unakaa. Unamjadili Tusekile kwa kosa la kumsemesha baba mkwe na kumkabili usoni. Wazee wa Makwale wameitwa. Ananiomba mimi nisifike, kwa kuwa mambo ni ya nyumbani na nitayachanganya.

Nimeusoma mara mbili nikitafuta neno moja kuhusu umeme. Hakuna. Kopo halimo, wala koili, wala ethi iliyokatwa, wala mwanamke aliyeangushwa chini mkono umekufa ganzi. Watakaa watu wazima na kofia zao, watakunywa chai, watajadili ni kwa nini hakufa kimya kimya.

Nusu ya wateja wangu ni watu wa Ipinda, na wengi wao ni ukoo ule. Najua watakavyosema: binti wa Mswahili wa pwani kaja kutufundisha mila zetu. Baadhi hawatakanyaga tena dukani. Watakwenda kununua fyuzi kwa mwingine, au watatumia waya wa uzio kama ilivyo kawaida yao.

Nimemjibu Gwakisa kwamba nitafika. Sitakaa na wazee. Nitakaa uani na mkewe, na wakimwita mbele tutaingia wawili, na nitasema nilichokipima, kwa sauti ambayo hata aliyejifunika uso ataisikia.

Huenda wakaamua aende kwao hata hivyo. Sitashangaa, wenye akili ile wanaweza lolote. Lakini akienda Makwale, Tusekile atakwenda kwa kutembea, na hakuna ndugu yake atakayelazimika kumbeba.